Swali Langu la Kisima

Kabla sijawa mheshimiwa nilikuwa fundi wa sare za shule. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kisarawe, na mimi nilishona sketi za marinda na kaptula barazani kwetu, watu wakiniita Mama Mwalimu. Marehemu baba alikuwa mwinjilisti, na pale usharikani nilikuwa katibu wa umoja wa akina mama kwa sababu moja tu: mwandiko wangu unasomeka. Nikiitazama safari yangu ya siasa, sioni mwanzo mwingine zaidi ya huo mwandiko. Jumuiya ya wanawake ya chama ilikuja kunichukua niwaandikie mihutasari. Uchaguzi ulipokaribia, mwenyekiti wetu akawa anataja majina ya akina mama wa kugombea udiwani wa viti maalumu, mimi naandika. Alipofika jina la nne akanyamaza.

"Tunatakiwa kupeleka matano," akasema. "Jiandike na wewe, orodha ijae."

Nikajiandika. Kura zilipohesabiwa nilikuwa wa pili, na waliokuwa wanahitajika walikuwa watatu. Nilirudi nyumbani nikamweleza Mwalimu. Akaweka kalamu yake nyekundu juu ya madaftari ya wanafunzi, akaniuliza, "Sasa utafanya nini huko?" Hakuuliza kwa dharau. Alitaka kujua kweli.

Kikao changu cha kwanza cha baraza la madiwani nilikuwa nimepewa mapema kabrasha lenye kurasa nyingi ambazo nilizisoma zote usiku uliotangulia bila kuelewa hata moja. Diwani mmoja akatoa hoja kwamba ushuru wa soko upandishwe. Watu wakasimama kuunga mkono, nami nikasimama. Baada ya muda, diwani mwingine akatoa hoja kwamba ushuru ubaki ulivyo. Watu wakasimama tena, nami nikasimama. Mzee aliyekaa karibu yangu, diwani wa siku nyingi, akanivuta kitenge taratibu.

"Mheshimiwa, safari hii sisi tunakaa."

"Sisi ni nani?"

"Sisi tuliosimama mwanzo."

Nilikaa. Nilikaa katika baraza hilo miaka kumi, vipindi viwili, na siwezi kusema sikujifunza. Nilijua barabara ipi inakatika masika na zahanati ipi haina choo. Nilijua pia kwamba jambo likiwa gumu, mtaalamu atasema, "Hilo liko juu ya uwezo wa halmashauri, hilo ni la kitaifa." Nililisikia neno hilo mara nyingi kiasi kwamba nikaanza kuamini kuna mahali huko juu ambako mambo yote haya yamepangwa mezani, yanamsubiri mtu aje ayachukue.

Moja ya mambo hayo lilikuwa maji ya kwa shangazi. Shangazi yangu, dada wa baba, anaishi katika kijiji ambacho sitakitaja, huko porini kati ya Kisarawe na Soga. Maji yanayochotwa Ruvu kwenda Dar es Salaam hayapiti kwao, lakini shangazi alikuwa anazo habari zake. Kila nilipokwenda kumsalimia, tukishamaliza shikamoo na marahaba, aliniuliza swali lilelile kwa ile sauti yake ya kuburuta maneno ya mwisho, kama wazee wa Kizaramo wanavyozungumza.

"Mwanangu, hayo maji yanayokwenda mjini hayawezi kusimama hapa kidogo?"

Baadaye serikali ilitenga fedha, kisima kikachimbwa pale kijijini, na jambo la shangazi nikalihesabu limekwisha. Hilo nitalirudia.

Ubunge sikuutafuta kwa nguvu. Ninasema hivi nikijua hakuna mwanasiasa anayeaminika akisema hivyo. Kipindi changu cha pili cha udiwani kilipokuwa kinaisha, wenzangu wa jumuiya walinichukulia fomu ya ubunge wa viti maalumu. Uchaguzi ulifanyika Kibaha, makao makuu ya mkoa, katika ukumbi uliojaa wajumbe kutoka wilaya zote, wakiwamo wengi ambao sikuwahi kuwaona. Tulipewa dakika tatu kila mmoja kujieleza. Niliongea mbili, nikasahau niliyotaka kusema katika ya tatu, nikashukuru na kushuka. Saa kumi alasiri msimamizi akasoma matokeo na jina langu likawa juu.

Niliwauliza baadaye wachache walionipigia kura, kwa sababu nilitaka kuelewa. Mmoja wa Mafia akaniambia, "Nilikuchagua kwa kuwa hukuja kunisumbua nyumbani." Mwingine, mama wa Rufiji, akanishika mikono yote miwili. "Sijasahau ulivyokuja kumzika mama yangu. Ulilala pale siku mbili." Sijawahi kufika kwao. Sijui alinifananisha na nani. Nilitaka kumweleza, lakini alikuwa tayari ana machozi, na watu walikuwa wanatupiga picha. Nikasema, "Mungu ampumzishe kwa amani." Hadi leo sijui kama hapo nilidanganya.

Mwalimu alikuwa amestaafu, tukahamia Sofu, Kibaha, kwenye nyumba aliyoijenga taratibu kwa miaka mingi. Majirani zetu wengi wanafanya kazi Dar na wanarudi jioni. Walinizoea upesi kuliko nilivyojizoea mwenyewe. Muuza duka wa jirani alianza kuniita Mheshimiwa na kukataa nisimame foleni. Nikawa namtuma Mwalimu dukani, ambaye hakuna aliyemzuia kusimama foleni.

Bungeni Dodoma nilichanganyikiwa kwa namna nyingine. Nilikuwa nimetarajia kile chumba cha huko juu ambako mambo yamepangwa mezani. Badala yake, nilipomfuata ofisa mmoja wa wizara kuhusu zahanati, akanisikiliza kwa heshima yote, kisha akasema, "Mheshimiwa, hilo liko ndani ya uwezo wa halmashauri yenu. Anzieni kule." Niliposafiri kurudi kwenye baraza la madiwani, maana mbunge naye ni mjumbe wa baraza kwa sheria, nikalisimamia lile la zahanati, mwenyekiti akanijibu, "Mheshimiwa Mbunge, tunakupongeza. Kwa kuwa umeshalifikisha ngazi ya taifa, sisi tunasubiri maelekezo." Wajumbe wakapiga meza. Nilikaa nikijaribu kufikiri ni nani aliyebaki, kama kule wanasubiri huku na huku wanasubiri kule.

Katika mwaka wangu wa pili Bungeni nilikwenda kwa shangazi wakati wa mapumziko ya vikao. Nilimkuta na ndoo mbili za maji ya rangi ya chai ya maziwa.

"Shikamoo shangazi. Hayo maji umeyatoa wapi?"

"Marahaba. Bondeni, ninapoyatoa siku zote."

"Na kisima?"

"Kisima kipo," akasema. "Maji ndiyo hayapo."

Nikaandika swali. Nilijua sasa taratibu: swali la msingi linapelekwa mapema, wizara inaandaa jibu, siku ikifika unasimama, unataja namba ya swali lako na kuomba lipatiwe majibu, Naibu Waziri anasoma, kisha unaruhusiwa maswali mawili ya nyongeza. Niliuliza serikali ina mpango gani wa kuwapatia maji wananchi wa kijiji kile. Maswali ya nyongeza niliyaandika jana yake kwenye karatasi, kama wengi wanavyofanya, yakiwa na ule mwanzo wa desturi: "Pamoja na majibu mazuri ya Mheshimiwa Naibu Waziri, nina maswali mawili madogo ya nyongeza." Majibu yenyewe nilikuwa sijayasikia.

Siku hiyo nilivaa suti mpya. Naibu Waziri akasimama akasoma kwamba kijiji hicho kina kisima kirefu kilichokamilika, chenye tangi na vituo vya kuchotea maji. Kisha akasema: "Mheshimiwa Spika, Kamati ya Madiwani ilitembelea mradi huo, ikajionea kwa macho yake maji yakitoka, na ikaridhika."

Neno lile "kwa macho yake" nililiandika mimi.

Nilikuwa mjumbe wa kamati ile. Ofisa aliyepaswa kuandika siku ya ziara alikuwa anaumwa, na kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, nikaombwa niandike. Tulikagua miradi mingi siku moja na kisima cha shangazi kilikuwa cha mwisho. Mvua ilikuwa imenyesha. Gari likanasa kwenye udongo wa mfinyanzi pale bondeni penye daraja bovu, kama mwendo wa nusu saa kwa miguu kabla ya kufika. Tulikuwa na njaa na viatu vya mjini. Mhandisi wa maji akatoa simu yake, akatuonyesha video fupi: bomba, ndoo ya bluu, maji yanamwagika, watoto wanacheka. Mmoja wetu akasema, "Si tumeona jamani?" Na kweli tulikuwa tumeona. Nikaandika kwamba Kamati imejionea. Nikaongeza "kwa macho yake" ili sentensi ikae vizuri. Gari liliponasuliwa tukarudi kula.

Sasa sentensi yangu ilikuwa imetoka porini ikapita halmashauri, ikapita mkoani Kibaha, ikapita wizarani, ikanikuta Dodoma.

Taa nyekundu ya kipaza sauti changu ikawaka. Nikasimama na karatasi yangu. "Mheshimiwa Spika, pamoja na majibu mazuri ya Mheshimiwa Naibu Waziri," nikasoma, na hapo nikakwama. Swali langu la kwanza la nyongeza lilikuwa: je, serikali haioni kwamba taarifa inayopewa na wataalamu si sahihi?

"Mheshimiwa, uliza swali lako," Spika akasema.

"Mheshimiwa Spika, naomba kushukuru tu."

Nikakaa. Mbunge mwenzangu wa nyuma akaniinamia akaninong'oneza kwamba nimefanya busara, akidhani ninamwekea Waziri ombi kubwa zaidi baadaye. Nikamwitikia kwa kichwa.

Mwisho wa wiki nilipanda treni kurudi, nikashuka Soga, Mwalimu akanipokea na gari letu dogo. Video yangu ya Bungeni ilikuwa imeshafika kwenye simu za watu. Tulipofika barabara ya vumbi akauliza.

"Ulishukuru kitu gani?"

Nikamweleza yote, la gari kunasa na la simu ya mhandisi. Alisikiliza mpaka mwisho, akiendesha polepole kama kawaida yake.

"Kwa hiyo Naibu Waziri hakudanganya," akasema.

"Hapana. Alisoma alichopewa."

"Na waliompa?"

"Walipeleka tulichoandika."

"Na mhandisi?"

Kesho yake nilimtafuta mhandisi, ambaye alikuwa ameshahamishiwa mkoa mwingine. Alinipokea simu kwa furaha. "Mheshimiwa, kisima kile kilitoa maji. Video niliipiga mwenyewe, palepale." Nilimuuliza kilitoa kwa muda gani. "Mpaka ninahama kilikuwa kinatoa. Baada ya hapo sijui." Hakubabaika hata kidogo, na nilimwamini.

Nikaenda kijijini nikidhani huko nitapata ukweli ulio mmoja. Mwenyekiti wa kijiji alisema maji yalitoka mwezi mzima, kisha pampu ikaungua. Mama mmoja akasema yalitoka wiki moja, tena ya chumvi. Mzee mwingine akaapa kwamba hayakutoka kabisa, na yale ya kwenye video yaliletwa na lori la kubeba maji. Nilimgeukia shangazi. Yeye hasemi uongo.

"Mimi nilichota ndoo mbili," akasema. "Nikaumwa mguu, nikakaa ndani. Nilipotoka hayakuwepo. Sikuuliza, nikarudi bondeni."

Nilirudi Sofu nikakaa siku tatu bila kufanya kitu. Wenzangu niliowaomba ushauri walinichanganya zaidi. Mmoja aliniambia nikae kimya, kwa sababu nikisema nitawachafua madiwani wenzangu wote waliokuwa kwenye lile gari. Mwingine alisema niseme, lakini nimtaje mhandisi. Mwalimu hakunishauri. Aliniuliza tu kama bado ninayo karatasi niliyoandika siku ile. Ilikuwapo kwenye faili la halmashauri, na nilipoomba kuiona niliikuta imeambatanishwa nyuma ya muhtasari, mwandiko wangu ukisomeka vizuri sana.

Niliomba mkutano wa kijiji. Walikuja watu wengi, nadhani walitegemea ahadi. Nikasimama mbele yao nikawaambia kwamba taarifa waliyoisikia Bungeni niliiandika mimi, kwamba siku ile hatukufika, tuliishia bondeni kwenye matope, na kwamba mtu asimlaumu mwingine kwa sentensi ile. Nilikuwa nimejiandaa kuzomewa.

Baba mmoja akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, tumekuelewa. Sasa na lile daraja la hapo bondeni mlipokwama, mliliandikaje?"

Nikasema hatukuliandika.

"Basi hilo mngeliandika," akasema, akakaa. Watu wakaitikia kwamba ni kweli. Mkutano ukawa wa daraja mpaka tukafunga. Nilikuwa nimebeba aibu yangu yote mpaka pale na hakuna aliyeitaka.

Nilimwandikia Waziri barua, nikaeleza nilivyoeleza kijijini, nikaambatanisha nakala ya karatasi yangu ile. Nilitegemea kuitwa. Baada ya wiki kadhaa walikuja watu wa kuhakiki, wawili, vijana wenye vishikwambi. Safari hii nilivaa mabuti ya mvua, nikatembea nao mpaka kwenye tangi. Tangi lilikuwa zima. Mabomba yalikuwa mazima. Chini ya mfuniko wa kisima hapakuwa na pampu.

Pampu ilipatikana stoo ya watu wa maji wa wilaya. Ilikuwa imepelekwa kutengenezwa, ikatengenezwa, ikarudishwa, ikawekwa rafu ya chini. Mtunza stoo alinifungulia daftari lake kwa adabu.

"Ilikuwa inasubiri nini?" nikamuuliza.

"Kibali cha kutoka, mama."

"Nani anatoa kibali?"

"Akiomba mhitaji, tunatoa. Lakini kwa mujibu wa taarifa mradi unafanya kazi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuomba."

Alisema hivyo bila kejeli, na nilivyotazama karatasi zake, sikuona alipokosea. Pampu ilifungwa ndani ya mwezi huo. Siku maji yalipotoka walinialika. Shangazi alionja akasema yana chumvi kidogo, ya kufulia yanafaa, ya chai ataendelea kuchota bondeni. Wakapiga vigelegele, wakanivika khanga, mwenyekiti wa kijiji akanishukuru kwa kuwapigania Bungeni. Nikataka kusema kwamba Bungeni sikupigana, nilishukuru nikakaa. Lakini nilikuwa nimeshasema mara moja, na wangeniona mtu anayependa kurudia mambo. Nikaacha.

Muda wa Bunge ulipokwisha niligombea tena. Ukumbi ule ule wa Kibaha, wajumbe wengi wale wale. Safari hii nilikuwa na jambo la kusema, nikazimaliza dakika zangu zote tatu, na watu walinishangilia kuliko mara ya kwanza. Nilishika nafasi ya sita. Nilimtafuta yule mama wa Rufiji nje ya ukumbi, si kwa kinyongo. Akanikumbatia kwa upendo uleule, akasema, "Safari hii tumekupumzisha." Nikamshukuru. Njiani kurudi Sofu nilimuuliza Mwalimu kama kupumzishwa ni kupendwa au kukataliwa, naye akasema anafikiri inategemea umechoka kiasi gani. Sikuwa nimechoka.

Sasa ninakaa nyumbani. Asubuhi ninamwagilia mchicha, Mwalimu anasoma gazeti kwa sauti, nasi tunabishana. Simu bado zinaingia. Wiki iliyopita alinipigia mama mmoja wa Ruvu, mkulima wa mpunga, ambaye simfahamu. Alitaka nimsaidie barua ya mgogoro wa mpaka wa shamba lake. Nikamwambia mapema, ili nisimpotezee muda, kwamba mimi si mbunge tena wala si diwani.

"Ninajua, mama," akasema. "Ndiyo maana nimekupigia wewe."

Nikamwambia aje Jumamosi na karatasi zake. Nilipokata simu, Mwalimu aliniuliza alikuwa nani na anataka nini. Nilimweleza neno kwa neno. Tukakaa pale kibarazani tukijaribu kuelewa alikuwa na maana gani, na mpaka chai inapoa hatukuwa tumekubaliana.